Ngoma na Besi kama Utunzi: Uhakiki wa Rekodi za Sly Dunbar na Robbie Shakespeare

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo katika idara za Kiswahili umejengwa juu ya neno. Wimbo unapofikishwa mbele ya mhakiki, hatua ya kwanza huwa ni kuunakili kwenye karatasi. Beti hupewa nambari, dhamira huainishwa, tamathali za usemi hutafutwa, kisha hitimisho hutolewa kuhusu fani na maudhui. Utaratibu huo umezaa matunda katika utafiti wa taarabu, muziki wa dansi na bongofleva. Hata hivyo, una gharama yake: kila kisichoweza kunakiliwa kwa herufi huachwa nje ya uchambuzi, na mtu aliyekitunga huachwa pamoja nacho.

Sura hii inachunguza gharama hiyo kupitia kazi za wanamuziki wawili wa Jamaika, mpiga ngoma Lowell Fillmore Dunbar, maarufu kwa jina la Sly, na mpiga besi Robert Shakespeare, maarufu kwa jina la Robbie. Wawili hawa wameteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, wamesikika katika rekodi nyingi mno za rege na za nje ya rege, ilhali majina yao huandikwa nyuma ya jalada kwa herufi ndogo. Pili, katika rekodi zao yapo mazingira ambamo maneno ya wimbo hubaki yaleyale huku maana ikibadilika kwa sababu ya ngoma na besi. Mazingira ya namna hiyo humlazimisha mhakiki kujibu swali ambalo kwa kawaida hulikwepa: nani ni mtunzi wa wimbo?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba upigaji wa Dunbar na Shakespeare ni utunzi kwa maana kamili ya neno hilo. Una mtindo unaotambulika, una historia ya mabadiliko, na una mafanikio na udhaifu unaoweza kupimwa. Uchambuzi unafuata mpangilio wa wakati, kisha unarejea kwenye suala la umiliki.

2.0 Malezi ya Wapigaji na Mazingira ya Kingston

Dunbar alizaliwa Kingston tarehe 10 Mei 1952. Jina la Sly lilitokana na mapenzi yake kwa kundi la Marekani la Sly and the Family Stone, na mapenzi hayo yanasikika baadaye katika mvuto wake wa kuingiza fanki ndani ya rege. Kielelezo chake cha nyumbani kilikuwa Lloyd Knibb, mpiga ngoma wa Skatalites. Mwaka 1970, akiwa kijana wa miaka 18, alipiga ngoma katika wimbo "Double Barrel" wa Dave na Ansel Collins, ambao ulishika nafasi ya kwanza nchini Uingereza mwaka 1971.

Shakespeare alizaliwa tarehe 27 Septemba 1953. Ufundi wa besi aliupata kwa Aston Barrett, mpiga besi wa Wailers, na alikaa naye kwa karibu kiasi cha kuaminiwa kupiga besi katika "Concrete Jungle", wimbo unaofungua albamu ya Catch a Fire ya mwaka 1973. Alikuwa pia mmoja wa wapigaji wa besi katika Marcus Garvey, albamu ya Burning Spear ya mwaka 1975, na mmoja wa wanamuziki wa The Aggrovators waliomfanyia kazi mtayarishaji Bunny Lee.

Taarifa hizi za wasifu zina umuhimu wa kihakiki. Zinaonesha kwamba kabla ya kuwa jozi, kila mmoja alikuwa ameshiriki katika rekodi iliyosifiwa kwa jina la mtu mwingine. Mfumo wa studio za Kingston ulikuwa hivyo. Mwanamuziki wa studio alilipwa kwa idadi ya nyimbo alizopiga, mtayarishaji alibaki na utepe, na mwimbaji alibaki na jina. Mdundo uliorekodiwa siku moja, unaoitwa ridimu, ungeweza kutumiwa na waimbaji wengi kwa miaka mingi. Ridimu ni ngoma na besi zenye kujitosheleza, zinazosubiri sauti yoyote iwekwe juu yake. Kwa hiyo utamaduni wenyewe wa Jamaika ulikwishakubali kwamba mdundo ni kitu kamili chenye jina lake. Kilichokosekana ni kukubali kwamba una mwenyewe.

3.0 Channel One: Pigo Linalojaza Pengo

Ili kuelewa Dunbar alibadilisha nini, ni lazima kueleza alichokikuta. Katika mtindo wa wan dropu, uliokomazwa na Carlton Barrett wa Wailers, ngoma kubwa ya mguu hunyamaza katika pigo la kwanza na kuangukia pigo la tatu. Msikilizaji aliyezoea muziki wa Marekani husikia pengo pale anapotarajia mhimili. Uzuri wa mtindo huo umo katika pengo hilo. Besi hupata nafasi ya kusema, na mwendo wa wimbo huonekana kana kwamba unavutwa kutoka nyuma.

Katika studio ya Channel One ya akina Hookim, iliyokuwa Maxfield Avenue, Dunbar akiwa na kundi la The Revolutionaries alilijaza pengo hilo. Mfano bora ni "Right Time" ya Mighty Diamonds, iliyotoa jina la albamu yao ya mwaka 1976. Mapigo mawili ya haraka kwenye ukingo wa ngoma ndogo hukatiza mwendo, na ngoma kubwa husukuma mbele badala ya kusubiri. Mtindo huu ulijulikana kama rokaz, na mwendo wake unakaribia gwaride. Katika wimbo unaorejelea unabii unaohusishwa na Marcus Garvey, mpangilio huo una kazi ya kimaana. Waimbaji watatu wanaimba kwa sauti laini, karibu ya upole. Uzito wa onyo unabebwa na ngoma. Mhakiki atakayesoma maneno peke yake ataona tishio. Mhakiki atakayesikiliza sauti peke yake ataona utulivu. Wimbo unaishi katika mvutano kati ya hayo mawili, na upande mmoja wa mvutano huo uliandikwa kwa vijiti.

Ni rahisi hapa kuangukia katika nadharia ya uakisi na kudai kwamba gwaride la Dunbar lilitokana moja kwa moja na hali ya siasa ya Jamaika, ambako hali ya hatari ilitangazwa mwezi Juni 1976. Dai hilo halijitoshelezi. Mapigo hayohayo yalitumika chini ya nyimbo za mapenzi bila kuzifanya kuwa za kisiasa. Lililo sahihi zaidi ni kusema kwamba mtindo huo uliwapa waimbaji msamiati mpya wa dharura, na waimbaji waliokuwa na jambo la dharura la kusema waliutumia vizuri zaidi.

Tahadhari nyingine inahusu haki. Ridimu nyingi za Channel One zilikuwa marejeo ya midundo ya Studio One ya miaka ya 1960, ambayo besi na vinanda vyake vilitungwa na watu kama Leroy Sibbles na Jackie Mittoo. Aidha, besi katika rekodi za The Revolutionaries haikupigwa na Shakespeare pekee. Bertram McLean alikuwa na sehemu kubwa. Anayedai kwamba mpiga ngoma na mpiga besi ni watunzi hana budi kulikubali dai hilo pia linapowanufaisha waliowatangulia Dunbar na Shakespeare. Utunzi wa wawili hawa ulianzia katika kufasiri upya, kama ambavyo mshairi wa Kiswahili huanzia katika bahari aliyoikuta.

4.0 Kutoka kwa Tosh hadi Black Uhuru: Jozi Inapata Sauti

Jozi ilikomaa katika kundi la Peter Tosh lililoitwa Word, Sound and Power. Walipiga katika Equal Rights ya 1977, Bush Doctor ya 1978 na Mystic Man ya 1979, na mwaka 1978 walizunguka Marekani wakitangulia jukwaani kabla ya Rolling Stones. Jina la kundi lenyewe lina funzo kwa uhakiki: neno limetajwa kwanza, lakini halikuachwa peke yake.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kiuchumi kabla ya kuwa ya kisanaa. Kupitia lebo yao ya Taxi, Dunbar na Shakespeare walianza kuwa watayarishaji, yaani wenye utepe. "Soon Forward" ya Gregory Isaacs, ya mwaka 1979, ilikuwa miongoni mwa mafanikio ya mwanzo ya lebo hiyo. Mabadiliko ya nafasi yalileta mabadiliko ya sauti. Mpiga ngoma anayelipwa kwa wimbo hupiga anachoambiwa. Mpiga ngoma mwenye studio mkononi anaweza kuamua kwamba ngoma ndiyo itakayosikika kwanza.

Uamuzi huo unasikika wazi katika kazi zao na Black Uhuru, kundi lililobeba neno la Kiswahili katika jina lake kutokana na mvuto wa harakati za ukombozi wa Afrika. Katika Sinsemilla ya 1980 na Red ya 1981, besi ya Shakespeare haizungukizungui. Hurudia sentensi fupi, huikata kabla haijatarajiwa, kisha hunyamaza. Dunbar huchanganya ngoma za ngozi na zile za kielektroniki, na milio hiyo baridi huzunguka sauti ya Michael Rose, ambayo ni ya joto na yenye kupandapanda. Sauti za Duckie Simpson na Puma Jones hukaa katikati kama kiitikio cha mbali. Rekodi nyingi za rege za wakati ule zilimweka mwimbaji mbele na mdundo nyuma yake. Hapa mwimbaji yumo ndani ya mdundo, na ujumbe wake kuhusu maisha ya vijana wa mijini unapata mandhari: jiji lenye vyuma, si shamba lenye ukungu wa Burning Spear. Mandhari hayo hayamo katika maneno.

Anthem, albamu ya mwaka 1983, ndiyo iliyopata tuzo ya kwanza ya Grammy kutolewa kwa rege, mwaka 1985. Kwa kipimo cha kisanaa, hata hivyo, Red inaizidi. Katika Anthem milio ya kielektroniki imeongezwa kiasi kwamba ukimya, uliokuwa silaha kuu ya jozi hii, umepungua. Tuzo ilifika wakati mtindo ulipokwisha kuzoeleka.

5.0 Ushahidi wa Strasbourg

Mfano wenye nguvu kuliko yote katika kuthibitisha hoja ya sura hii unatoka nje ya Jamaika. Mwaka 1979 mwimbaji wa Ufaransa Serge Gainsbourg alikwenda Kingston na kurekodi albamu ya Aux armes et cætera. Dunbar na Shakespeare walipiga ngoma na besi, na waitikiaji walikuwa I Threes, yaani Rita Marley, Marcia Griffiths na Judy Mowatt. Wimbo uliobeba jina la albamu ulikuwa ni wimbo wa taifa wa Ufaransa juu ya mdundo wa rege.

Rekodi hiyo ilizua hasira kubwa nchini Ufaransa. Gainsbourg alikuwa amefupisha kiitikio, lakini beti zilibaki za wimbo wa taifa. Kilichowaudhi wengi ni kusikia maneno ya vita yakitembea kwa mwendo wa Kingston, mwendo wa watu ambao mababu zao walikuwa watumwa wa madola ya Ulaya. Besi ya Shakespeare haifanyi mzaha. Inatembea kwa utulivu kabisa. Utulivu huo ndio unaoondoa ushujaa katika beti za kishujaa.

Mwezi Januari 1980, Gainsbourg alipotarajiwa kutumbuiza Strasbourg, askari wa zamani wa miamvuli walifika ukumbini kupinga. Onesho halikufanyika kama lilivyopangwa. Gainsbourg alipanda jukwaani peke yake, bila wanamuziki, akauimba wimbo wa taifa kwa sauti tupu. Askari wale wakasimama kwa heshima.

Tukio hili ni kama jaribio lililofanywa maabara. Mwimbaji ni yuleyule na wimbo wa asili ni uleule. Kilichoondolewa ni ngoma na besi, na papo hapo kilichokuwa tusi kikageuka kuwa heshima. Iwapo kuondolewa kwa mdundo kunaweza kugeuza maana ya matini kutoka kinyume kimoja hadi kingine, basi mdundo ulikuwa sehemu ya matini. Uchambuzi wa maudhui unaoanzia kwenye karatasi hauna njia ya kuieleza Strasbourg.

6.0 Nassau: Mdundo Nje ya Rege

Katika studio ya Compass Point, Nassau, chini ya Chris Blackwell na Alex Sadkin, jozi iliunganishwa na wanamuziki kama Wally Badarou, mpiga kinanda mwenye asili ya Benin, na mpigaji wa ala ndogondogo Uziah Thompson. Matokeo yake ni albamu tatu za Grace Jones, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa na umaarufu Marekani na Ulaya: Warm Leatherette ya 1980, Nightclubbing ya 1981 na Living My Life ya 1982.

Nyimbo nyingi katika albamu mbili za kwanza zilikuwa za watu wengine. Mojawapo ilijengwa juu ya "Libertango" ya Astor Piazzolla wa Argentina. Mdundo wa rege uliowekwa chini ya tango hiyo haukuifanya kuwa wimbo wa sherehe. Nafasi kati ya mapigo iliipa sauti ya Jones, inayosema zaidi ya kuimba, uwanja wa kutembea taratibu kama mtu anayefuatwa usiku. Hapa Dunbar na Shakespeare walithibitisha kwamba mtindo wao haukutegemea maudhui ya Kirastafari. Ulikuwa ni sarufi iliyoweza kubeba lugha yoyote.

Sarufi hiyo ilimfikia pia Bob Dylan, aliyewaita kupiga katika Infidels ya 1983. Dylan alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2016, na maneno yake yamechambuliwa kama mashairi. Katika wimbo unaofungua albamu hiyo, "Jokerman", mistari mirefu iliyojaa taswira za kibiblia inashikiliwa na besi isiyo na haraka. Bila utulivu huo taswira zingerundikana. Upimaji wa mizani, ambao katika ushairi wa Kiswahili ni kazi ya mshairi mwenyewe, hapa umefanywa na watu wawili ambao hawakuandika neno hata moja.

7.0 Udhaifu: Ngoma Ikilia Sana

Uhakiki unaosifu tu hauna thamani. Language Barrier, albamu iliyotolewa kwa jina la jozi yenyewe mwaka 1985 na kutayarishwa na Bill Laswell, iliwakusanya Herbie Hancock, Manu Dibango, Afrika Bambaataa na Dylan. Orodha ya wageni inavutia kuliko muziki. Ngoma za kielektroniki zimejaza kila nafasi, na besi imelazimika kushindana na mashine badala ya kuzungumza nayo. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Rhythm Killers ya 1987, pia chini ya Laswell, ina nidhamu zaidi kwa kuwa imeamua kuwa fanki na kubaki hapo.

Udhaifu huu una maelezo. Utunzi wa jozi hii ulikuwa wa kujibu. Ulihitaji sauti ya kupingana nayo, kama upole wa Mighty Diamonds, joto la Rose au ubaridi wa Jones. Ulipowekwa mbele bila mpinzani, ulibaki ustadi bila mvutano. Hilo halipunguzi hadhi yao kama watunzi; linabainisha aina ya utunzi wao.

Ushahidi kwamba somo hilo halikusahaulika ni "Murder She Wrote" ya Chaka Demus na Pliers, iliyovuma mwaka 1992. Ridimu yake, iitwayo Bam Bam, imepunguzwa hadi ngoma, gitaa la Lloyd Willis na besi kidogo sana. Shakespeare, mpiga besi mashuhuri, alikuwa nusu ya jozi iliyotoa rekodi ambamo besi karibu haipo. Uamuzi wa kuacha ni uamuzi wa mtunzi.

8.0 Suala la Umiliki

Mwaka 1984 jozi ilimtayarishia Ini Kamoze wimbo "World-A-Music". Miaka 21 baadaye, kipande cha rekodi hiyo kilikuwa msingi wa "Welcome to Jamrock" ya Damian Marley, wimbo uliovuma duniani mwaka 2005. Wasikilizaji wengi waliusikia kama mdundo mpya wa kijana mpya. Kwa kuwa Dunbar na Shakespeare walikuwa watayarishaji wa rekodi ya awali, walikuwa na mahali pa kusimama. Swali ni kuhusu wapigaji wasiowahi kuwa watayarishaji, ambao midundo yao imerudiwa mara nyingi zaidi.

Sheria nyingi za hakimiliki humtambua mtunzi kupitia maneno na melodia. Tanzania haitofautiani sana na hali hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamweka mtunzi katika hakimiliki, na mwanamuziki mtumbuizaji katika hakishiriki. Mgawanyo huo una mantiki, lakini unategemea dhana ya kihakiki iliyoutangulia, yaani kwamba kazi ni kile kilichoandikwa na upigaji ni utekelezaji wake. Wahakiki ndio wenye jukumu la kuichunguza dhana hiyo. Mpiga ngoma wa bendi ya dansi ya Dar es Salaam aliyebuni mwondoko uliolipa kundi zima utambulisho hana pa kudai iwapo hata tasnifu zinazochambua nyimbo hizo hazikumtaja.

9.0 Hitimisho

Robbie Shakespeare alifariki Miami tarehe 8 Desemba 2021. Urithi alioujenga pamoja na Dunbar umeoneshwa katika sura hii kuwa na sifa zote ambazo uhakiki humdai mtunzi: mtindo, mabadiliko, uteuzi, na hata makosa yanayotokana na mtindo huohuo. "Right Time" imeonesha mdundo ukibeba sehemu ya maana ambayo sauti haikuibeba. Red imeonesha mdundo ukijenga mandhari. Strasbourg imeonesha maana ikigeuka pale mdundo ulipoondolewa. Language Barrier imeonesha mipaka.

Matokeo haya yana athari tatu kwa utafiti wa nyimbo za Kiswahili. Kwanza, unukuzi wa wimbo uambatane na maelezo ya mapigo, besi na ukimya, hata kama ni kwa lugha ya kawaida isiyo ya kitaalamu. Pili, majina ya wapigaji yakusanywe na kuandikwa katika data kwa uzito uleule wa jina la mwimbaji, na kazi hiyo ifanywe wakati wanamuziki wenyewe wangali hai kuulizwa. Tatu, neno mtunzi litumiwe kwa tahadhari. Kila mara linapoandikwa kwa umoja juu ya wimbo uliopigwa na wengi, hapana budi kuthibitishwa kwamba umoja huo ni wa kweli.